Malkia wa Kizibo

Jumberi alikufa siku mbaya kuliko zote za mwaka mzima. Jumanne alfajiri, binti yake Tekle yuko Batumi, mji wa pwani, anangoja raundi ya mwisho ya ubingwa wa taifa wa sataranji wa wanawake. Angekufa wiki iliyopita tungemlilia vizuri. Angevumilia mpaka Alhamisi tungemlilia huku tukimsifia binti. Lakini mzee huyo maisha yake yote hakujua kutumia muda. Kila mchezo saa ilimwishia akiwa bado anajikuna kidevu, na safari hii ikamwishia kitandani, mkewe Eteri yuko jikoni anachemsha maji ya chai.

Eteri hakupiga kelele. Alimfunga mumewe kidevu kwa leso, akafunika kioo cha kabati kwa shuka, akamwamsha mkwewe Murmani, mume wa Tekle. Jambo la kwanza alilomwambia halikuhusu jeneza wala padri.

"Tekle asijue mpaka amalize mchezo wa kesho."

Murmani alikaa ukingoni mwa kitanda na soksi moja mguuni. Akasema, mama, hilo haliwezekani, mji mzima utajua kabla ya saa nne. Eteri akasema mji ujue, atakayefunga mdomo ni mji. Jana yake tu, kwenye maharage ya jioni, Jumberi alikuwa amesema mbele yao wote: siku hizi mbili mtoto asisumbuliwe, nyumba ikiungua waiteni zimamoto, msimwite Tekle.

"Alisema nyumba," Murmani akajibu. "Hakusema yeye."

"Nyumba ni nini, mwanangu?" Eteri alisema, akaenda kutafuta suti ya marehemu.

Sasa mjue Tekle alikuwa na nini mkononi. Ana miaka thelathini na sita, anafundisha sataranji shule ya msingi, na mara tatu amekuwa wa pili nchini. Bingwa hupewa kiti kwenye timu ya taifa. Wa pili hupewa maua na kupigwa begani. Pale kwetu Kutaisi hata muuza jibini alimwita "bingwa wetu wa pili", kwa mapenzi kabisa, na kila mara Tekle alitabasamu kama mtu aliyekanyagwa kidole kanisani. Mwaka huu ndiye aliyekuwa akiongoza. Sare peke yake ingemtosha. Aliyekuwa nyuma yake, na atakayecheza naye hiyo Jumatano, ni Mzia wa Batumi, mwanamke mkavu asiyempa mtu salamu mpaka mchezo uishe. Yeye kuupata ubingwa ilikuwa lazima ashinde.

Kwenye mashindano Tekle huacha simu yake kubwa nyumbani, anabaki na kasimu ka vitufe. Kwa hiyo habari za mtandaoni zisingemfikia. Murmani akampigia kocha, kocha akamwambia mwamuzi, mwamuzi akawaambia wachezaji wengine wote, na wote wakaapa kunyamaza. Ndivyo tulivyo. Siri kwetu ni kitu ambacho watu mia mbili wanakijua, isipokuwa mwenyewe.

*

Jeneza liliwekwa sebuleni, miguu kuelekea mlangoni. Wanawake wakakaa kwenye viti kulizunguka, wamevaa nyeusi tupu, na Eteri kichwani pa maiti. Wanaume wa nyumba wakasimama getini bila kunyoa ndevu, wakipokea mikono. Watu wakaingia mmoja mmoja, wanazunguka jeneza polepole, wanamtazama marehemu, wanawapa pole wafiwa, wanatoka. Kiti kimoja kando ya Eteri kilikuwa kitupu. Hicho ndicho watu walichokitazama kuliko marehemu.

Wa kwanza kukisema alikuwa Guliko, dada wa Jumberi. Alikuja na basi dogo kutoka Zestafoni, akalia juu ya kaka yake mpaka akaridhika, akakaa, akapangusa macho, kisha akauliza kwa sauti ya kufika mpaka barabarani kwamba mtoto wa pekee wa kaka yake yuko wapi.

"Ana homa, wifi," Eteri akasema. "Homa kali. Daktari kamkataza safari."

Uongo huo ulikuwa umemtoka mdomoni kabla hajaupima. Wanawake wakatikisa vichwa. Kufika mchana, kila aliyekuja alishika maua mkono mmoja na mtungi mdogo wa kioo wenye jamu ya rasiberi mkono wa pili, maana kwetu homa haina dawa nyingine. Mitungi ikajipanga dirishani kama timu ya mpira. Kila mtungi Eteri aliupokea, akashukuru, akaona aibu upya.

Guliko hakuwa mtoto. Alimvuta Eteri jikoni, kwenye sufuria la ngano na asali ya kuliwa msibani, akamwambia wazi kwamba yeye amezika mume na kaka wawili, anajua mtu anayeficha homa na mtu anayeficha kitu kingine. Batumi siyo Marekani. Mtoto akiambiwa sasa hivi, jioni yuko hapa.

"Na kesho?" Eteri akauliza.

"Kesho kuna nini kikubwa kuliko baba?"

Eteri alikoroga ngano. Alitaka kusema kuna miaka ishirini ya kupigwa begani. Alitaka kusema kwamba Jumberi mwenyewe, alipokuwa kijana, aliitwa arudi kijijini katikati ya mashindano kwa sababu mjomba fulani amevunjika nyonga, akarudi, na mjomba akaishi mpaka miaka tisini na mbili akimcheka. Hakusema. Alisema tu: "Maiti hatazikwa mpaka Jumamosi. Atamkuta."

"Na watu watasema nini?"

"Watasema wanachosema sasa, wifi. Na wewe uko mbele yao."

Guliko aliondoka jikoni. Lakini tangu hapo, mtu akiuliza habari za Tekle, yeye ndiye aliyejibu, na homa ikazidi kupanda kila alipoisimulia.

*

Kulikuwa na jambo moja hakuna aliyelikumbuka.

Jioni, wakati padri Zosime amemaliza sala na wanaume wamejaa sebuleni, koti la Jumberi lililoning'inia nyuma ya mlango likalia. Kilio kikakatika. Murmani akachomoa simu ya marehemu mfukoni, akaisoma, akakosa pa kutazama.

Ilikuwa ni hatua ya Tekle. Kila alipokuwa mashindanoni, baba na binti walicheza mchezo mmoja kwa simu, hatua moja kila jioni, kutuliza roho. Ubao wenyewe ulikuwa palepale kwenye meza ndogo chini ya picha ya marehemu, kete zimesimama kama alivyoziacha. Ujumbe ulisema: "Mzee, ngome yangu imekanyaga uwanjani kwako. Jibu, usilale."

Asipojibiwa atapiga. Akipiga ataomba kuongea naye. Basi ilibidi marehemu acheze.

Ubao huo Eteri alikuja nao siku ya harusi, kwenye sanduku lake la bibi harusi pamoja na mashuka, kama mama yake na bibi yake walivyokuja na wao, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kujifunza hata farasi anaruka vipi. Tekle alipokuwa mdogo alimpoteza malkia mweusi. Jumberi akachukua kizibo cha kioo cha chupa ya manukato ya mkewe, akakisimamisha mahali pa malkia, akasema sasa malkia ananukia. Tangu siku ile alicheza upande mweusi tu, na hakukubali tena kubadilishana malkia na mtu yeyote. Ukimtolea malkia wako ili akupe wake, anakimbia naye hata kama kukimbia huko kunamuua. Walimcheka wachezaji wote wa bustani ya mji. Alijibu kwamba Eteri hatoki mezani kabla ya mwenye nyumba.

Hadithi hiyo kila mwanaume aliyekuwa sebuleni aliijua. Kila mmoja alikuwa ameshamfunga Jumberi kwa sababu ya kizibo hicho. Lakini sisi ukituonyesha ubao wenye shida, tunasahau hata jina la marehemu.

Walianza kwa heshima, wamekunja mikono. Otari, daktari wa meno mstaafu, akasema kwa sauti ya msibani kwamba farasi arudi. Vazha kinyozi akanong'ona kwamba farasi akirudi ni sawa na kumng'oa mtu jino zima, lakini hilo Otari kalizoea. Otari akamwambia mtu anayeishi kwa kukata nywele za watu asimfundishe kung'oa. Punde walikuwa saba juu ya ubao, migongo kwa jeneza, mmoja ameweka mshumaa pembeni aone vizuri. Kila mmoja akasogeza, mwingine akarudisha. Guliko alikohoa mara ya kwanza, mara ya pili, ya tatu akawauliza kama waletewe na bia. Eteri hakuwepo. Alikuwa chumba cha nyuma, amelazwa kwa nguvu na majirani.

Padri Zosime alikuwa amesimama mbali, ameshika msalaba kifuani. Alikuwa amecheza kidogo seminarini. Alinyoosha shingo.

"Malkia kwa malkia," akasema. "Halafu yule askari wa pembeni anatembea mpaka mwisho. Hakuna wa kumzuia."

Wakatazama. Ilikuwa kweli. Ilikuwa hatua nzuri mno kiasi kwamba Otari alivua miwani. Vazha akakinyanyua kizibo, akakiweka dirishani kati ya mitungi ya jamu, na Murmani akaandika kwa simu ya marehemu, akijitahidi kuiga: "Malkia kwa malkia, mwanangu. Ulale mapema."

Watu walishikana mikono kana kwamba wameshinda wao.

Haikuchukua muda simu ikaita. Murmani akakimbia nayo chumba cha nyuma. Eteri akakaa kitandani, akajifuta uso, akajibu. Ndiyo, mwanangu. Baba yako amelala. Amechoka leo, wageni wengi. Hapana, kifua hakimsumbui, sasa hakimsumbui kabisa. Eteri aliisikia bahari, au labda ni gari zilizopita nje ya hoteli.

"Mama, wewe umekula?" Tekle akauliza.

"Nimekula."

"Ule tena. Na usikae peke yako usiku."

Eteri alikata simu, akamwambia Murmani kwamba limepita salama, mtoto hajashtuka. Akakubali kula vijiko viwili vya ngano.

*

Jumatano mchana nyumba ilijaa kuliko siku ya kwanza, na haikuwa kwa ajili ya Jumberi peke yake. Mchezo ulikuwa unaonyeshwa moja kwa moja kwenye simu. Wanaume walizunguka jeneza kwa hatua za heshima, mkono mmoja kifuani na mwingine ndani ya koti, na ukitazama vizuri koti lilikuwa linang'aa. Mwanamke mmoja aliyeleta jamu akamwambia Guliko kwamba kwa mgonjwa wa homa, huyu binti anasogeza haraka sana. Guliko akamjibu kwamba homa ya kwetu hushuka mchana.

Basi siri ya homa ikafia hapo, na Eteri akakaa kichwani pa mumewe huku watu wakimtazama kwa namna mpya. Wengine kwa huruma. Wengine walikaza midomo. Mwanamke kauficha msiba ili mtoto wake acheze; hilo lingesemwa Kutaisi mpaka wajukuu wazeeke, naye alijua. Alimrekebisha Jumberi tai, ingawa ilikuwa imekaa sawa.

Mchezo haujakwenda mbali, simu ya Murmani ikatetemeka. Ni kocha kutoka Batumi. Murmani alisikiliza, akarudi sebuleni mweupe kama chokaa, akawaambia wanaume walio karibu. Mzia amempa Tekle sare. Mzia, ambaye sare kwake ni kutupa ubingwa baharini. Ametazama chini, amenyoosha mkono juu ya ubao, amesema neno hilo.

"Ana moyo yule mwanamke," Otari akasema. "Amesikia msiba, anampa zawadi."

"Kwa hiyo tumeshinda," Vazha akasema, mikono imeshaanza kutafuta mtu wa kukumbatia.

"Amekataa," Murmani akasema.

Mtu akakaa juu ya kiti cha wanawake bila kujua. Amekataa kivipi? Amekataa, kocha anasema alimtazama Mzia muda mrefu, kisha akatikisa kichwa, akacheza. Vazha akauliza kama mtoto huyo kwenye kichwa chake kuna mtu. Ubingwa ulikuwa umewekwa mezani kama kikombe cha chai, ni kunyanyua tu.

Sasa hakuna aliyejificha tena. Simu zikatoka makotini. Padri mwenyewe alisogea. Mzia, sare yake imekataliwa, alicheza kama mtu aliyetukanwa, na ubao ukawa mgumu. Ikafika mahali ambapo Tekle alikuwa na njia moja wazi, ambayo hata mtoto angeiona: malkia kwa malkia. Vipande vikubwa vinatoka, hatari inakwisha, mchezo unalala, sare inakuja yenyewe na ubingwa nyuma yake.

"Badilisha," Otari akaiambia simu.

"Badilisha, binti yangu, badilisha," Vazha akasema, karibu analia.

Malkia wa Tekle akarudi nyuma. Akakimbia pembeni, kwenye kona mbovu, peke yake.

Sebule nzima ikaguna. Vazha akapiga paja. Akasema kwa hasira, bila kufikiri alipo, kwamba katika nchi hii nzima kulikuwa na mpumbavu mmoja tu wa kukimbia hivyo na malkia wake, na mpumbavu mwenyewe huyu hapa kalala na mishumaa. Kisha akasikia alichosema, akajiziba mdomo.

Hakuna aliyemkaripia, kwa sababu Eteri alikuwa amesimama. Tangu Jumanne hakuwahi kusimama kichwani pale bila kushikwa. Alitazama ubao chini ya picha. Alitafuta kwa macho, kete moja moja, mtu asiyejua mchezo, akitafuta kitu kimoja tu.

"Kizibo changu kiko wapi?"

Vazha akaonyesha dirishani. Kilikuwa pale kati ya mitungi, kinameta.

"Nani alikitoa?"

Wakaeleza. Walieleza wote pamoja, kwamba ilikuwa hatua safi, mama, ungeijua ungefurahi, askari wa pembeni alikuwa anatembea mpaka mwisho. Eteri aliwaacha wamalize.

"Mkamwandikia hivyo? Kwamba baba yake kanitoa mezani?"

Ndipo sebule ikaelewa. Otari akavaa miwani, akaivua. Murmani akakaa chini sakafuni, palepale, na ndevu zake za siku mbili.

"Basi anajua," Eteri akasema. "Anajua tangu jana. Aliniuliza nimekula." Akarudi kwenye kiti, akaweka mkono juu ya kile kitupu cha pembeni. "Nendeni mkamchukue mwanangu. Msingoje mchezo uishe. Umeshakwisha."

Kweli ulikwisha, kabla Murmani hajapata ufunguo wa gari. Malkia wa Tekle alizingirwa kwenye ile kona, na baada yake Tekle akamlaza mfalme wake ubaoni, ishara ya kukubali kushindwa.

*

Hawakwenda kumchukua. Kocha alipiga kusema Tekle tayari yuko njiani.

Jioni gari dogo la Batumi likasimama getini. Aliyeendesha alikuwa Mzia, bingwa mpya wa taifa. Njia nzima, Mzia alisema baadaye, hawakuzungumza ila neno moja: Mzia alimuuliza kwa nini aliikataa sare, na Tekle akamwambia kwamba mtu asiyemsalimu siku zote akimpa zawadi, basi ni rambirambi, na rambirambi haiwekwi kwenye jedwali la matokeo.

Mzia alifungua buti. Mlikuwa na maua ya ubingwa, bado yana utepe. Aliyahesabu, akachomoa ua moja akalitupa garini, maana kwetu idadi ya maua ya walio hai ni witiri na ya wafu ni shufwa, akaingia nayo ndani, akazunguka jeneza, akayaweka miguuni pa Jumberi. Utepe alikuwa ameshauvua. Guliko, aliyekuwa amejiandaa kwa maneno mengi, alimsogezea kiti.

Tekle aliingia nyuma yake. Watu walifungua njia. Hakulia kwanza. Alimbusu baba yake paji la uso, akakaa kwenye kiti kitupu, akashika mkono wa mama yake, na wote wawili wakatazama mbele kama watu wanaongoja zamu hospitali.

"Ulijua ukakaa," Eteri akasema.

"Ulijua ukaficha."

"Nilitaka upate."

"Nami nilitaka usiwe umeficha bure, mama. Nilikaa nicheze, nishinde, nije nijifanye sijui. Ilibaki kubadilisha malkia tu. Nikashindwa. Mkono haukwenda."

Eteri alimvuta kichwa begani, na hapo Tekle akalia, kilio kikubwa cha kuchelewa, na wanawake wote wakalia naye upya toka mwanzo, kama inavyotakiwa.

Alipotulia aliinuka, akaenda kwenye ubao chini ya picha. Wanaume waliokuwa karibu walirudi ukutani. Alitazama kete zilivyobaki, muda mrefu, kwa jicho lake la kazi, mpaka Otari akaanza kutoka jasho.

"Nani alimtoa mama?" akauliza.

Vazha kinyozi alitazama viatu vyake. Otari alitazama viatu vya Vazha. Simanzi ile yote, na bado walikuwa kama watoto waliovunja kioo cha shule.

"Padri," Vazha akasema.

Padri Zosime alikohoa, akajitetea taratibu kwamba, kwa hali ya ubao, ilikuwa hatua sahihi.

"Ilikuwa sahihi, padri," Tekle akasema. "Ndiyo maana nikajua amekufa."

Akakichukua kizibo dirishani, akakipangusa jamu kwa ncha ya kitambaa chake cheusi, akakinusa. Kisha akakirudisha ubaoni, kwenye mraba wake, na yeye mwenyewe akamlaza mfalme wake mweupe chini.